Mhubiri Ambaye Hakuwahi Kuiba

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba mliokuja na kitabu cha marehemu mkifunge kwanza, kwa sababu familia imenituma mimi dada yake niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa.

Kaka yetu, mhubiri na mwandishi, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa mtoto wa kwanza wa mama yetu huyu aliyeketi mbele, akakua mpole kupita kiasi, mtoto wa kuomba ruhusa hata ya kuchota maji mtungini. Alisoma shule ya msingi jirani na soko kuanzia 1968 hadi 1974, akajifunza ushonaji, akafungua kibanda chake mwaka 1980, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba kitambaa chake kimepungua.

Aliokoka tarehe 6 Novemba 1983, kwenye mkutano wa hema, na hapo taabu ya mama ikaanza, kwani alipotoa ushuhuda kwamba alikuwa kijana mtiifu, watu walipiga miayo, na aliyemfuata, jambazi mstaafu, akapigiwa vigelegele. Mwezi uliofuata, katika ushuhuda wake, kaka akawa ameiba kuku. Miaka miwili baadaye kuku akawa baiskeli, na kitabu kilipotoka mwaka 1991, jamani, alikuwa amevunja duka zima.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988 na wifi yangu, muuguzi, aliyedhani anaolewa na jambazi aliyetubu, akamkuta mtu anayeogopa panya, wakajaliwa watoto watatu.

Wengi waliokoka kwa ushuhuda ule, hatukatai. Lakini mama akienda kusalimia watu, nguo zilianuliwa kambani, na posa yangu mimi ilikaa mwaka mzima, wakwe wakichunguza ukoo wa wezi. Kila mama alipomwambia, "Mwanangu, mimi sikulea mwizi," alijibiwa, "Vumilia mama, roho zinaokoka." Mama amevumilia hadi amechoka.

Aliugua figo kuanzia mwaka 2019, na alipolazwa mara ya mwisho alimwahidi mama kwamba Jumapili atapelekwa kanisani aseme ukweli kwa kinywa chake, akafariki Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024. Mama analia, na pia amekasirika, na hatujui tumtulize kwa lipi kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kutandika mikeka, na wahubiri wenzake, ambao tunawasihi sana wasiongeze chumvi leo. Nanyi ndugu mlioacha wizi kwa sababu yake, tunawaona mmejibanza kule nyuma. Mama anasema nyinyi mliacha kweli, kwa hiyo njooni mbele, nyinyi ndio mtakaobeba jeneza, na mkiulizwa mmemzika nani, semeni mtoto aliyelelewa vizuri.

Kaka, lala kwa amani. Hukuiba kitu.