Kioo cha Mwalimu Bibiana na Sikio la Ng'ombe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Bibiana Ditram Mwegoha anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Sanaa Bonde la Mkondoa, hapa Kilosa, kwa miaka ishirini na minane na miezi mitano kasoro siku tatu. Alikwenda ofisini kuuliza kama anaweza kuzikamilisha hizo siku tatu. Akaambiwa aende akapumzike.

Mwalimu Bibiana alizaliwa Mamboya, milimani, akasoma shule ya misheni, na Februari 1997 akaajiriwa hapa kuwa mtunza stoo. Kazi yake ilikuwa kuwagawia wanafunzi wa uchapaji wa picha karatasi, wino na patasi, kisha kuhakikisha patasi zinarudi. Stoo ilitazamana na karakana. Kwa miaka sita alikaa pale akiwaangalia watu wakichonga picha kwenye ubao, wakipaka wino, wakilaza karatasi juu yake na kuzungusha mashine. Mwalimu wa somo hilo alipohama ghafla katikati ya muhula, wanafunzi wenyewe walimwendea mkuu wa chuo wakamwambia asihangaike kutafuta, mwalimu yupo, amekaa stoo. Chuo kikampeleka kusoma, akarudi na cheti, na tangu hapo karakana ikawa yake.

Mimi ni mkutubi, na maktaba imepakana na karakana hiyo. Ninayoyaandika nimeyasikia kupitia ukutani au nimeyakuta kwenye vitabu. Kila kitabu alichoazima Mwalimu Bibiana kilirudi kwa wakati, kikiwa na dole gumba lake jeusi ukurasa wa kwanza, hata sikuhitaji daftari kujua kilikuwa kwa nani. Mwaka mmoja wa uchaguzi alifika kupiga kura akiwa na wino kwenye vidole vyote kumi. Ilibidi aeleze kwa kirefu kwamba hakuna mtu anayeweza kupiga kura mara kumi akarudi tena kwenye foleni.

Karakana ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: hairuhusiwi kuchonga usichokijua. Sheria hii iliwaumiza wengi, maana kila mwaka maonyesho yetu hufanyika Mikumi, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutaka kuchonga tembo, ilhali tembo wenyewe amewaona mara moja tu, dirishani mwa basi, tena kwa nyuma. Ya pili aliiandika kwa rangi juu ya sinki: kutenda kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa.

Mwaka 2014 akaja Naisula Sapit, binti wa wafugaji wa kule tambarare. Baba yake, Mzee Sapit, alikubali asome mwaka mmoja kwa sharti kwamba atakuja Mikumi kuona kwa macho yake anachojifunza, kisha ataamua kama anaendelea au anarudi nyumbani. Naisula alitaka kuendelea kuliko kitu chochote. Kwa kufuata sheria ya kwanza, akaamua kumchonga ng'ombe mkubwa wa baba yake, uso mzima, akitazama mbele, na alama ya ukoo wao iliyokatwa kwenye sikio la kushoto.

Kila mchapaji anajua kwamba picha ikihamia kwenye karatasi inageuka, kushoto kunakuwa kulia. Ndiyo maana herufi tunazichonga kinyume. Naisula aliuliza kama ng'ombe naye ageuzwe. Mwalimu Bibiana, mtu wa milimani ambaye hadi leo akikutana na ng'ombe njiani hupita upande wa pili, alimjibu kwamba ng'ombe ni ng'ombe, hana kushoto wala kulia, achonge tu.

Mzee Sapit alifika Mikumi asubuhi, akaitikia shikamoo zetu zote, akasimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kwamba ni ng'ombe mzuri sana, ila ni wa jirani yake. Wao hukata sikio la kushoto, jirani hukata la kulia. Akauliza kama chuo kimemfundisha binti yake kusahau ng'ombe wa kwao, na akasema muhula ukiisha atarudi nyumbani. Mwalimu Bibiana aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuona aibu kama siku ile, kwa sababu kosa lilikuwa lake na aliyelilipia alikuwa mtoto wa watu.

Jumatatu yake alipanda bodaboda na ubao mpya aliouchonga Naisula kwa kugeuza, karatasi, wino na kijiko cha kupakulia, maana mashine haibebeki. Akapita katikati ya ng'ombe, jambo ambalo dereva bado analisimulia. Mbele ya Mzee Sapit akaomba radhi, akapaka ubao wino, akamwonyesha. Mzee akaona alama iko sikio la kulia, akatikisa kichwa. Mwalimu akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko, akaibandua taratibu. Sikio la kushoto. Mzee akaomba irudiwe. Mara ya tatu aliibandua mwenyewe, akawaita majirani, yule mwenye sikio la kulia akiwamo. Karatasi ya nne iliwekwa juani ikauke, ndama akaila.

Naisula aliendelea na masomo, akaenda kusoma zaidi, na sasa ni mwaka wa nne anafundisha pamoja na Mwalimu Bibiana. Kuanzia Julai funguo za karakana ni zake. Na tangu siku ile ya Mikumi, hakuna ubao uliopakwa wino kabla Mwalimu hajatoa kioo kidogo kwenye pochi akautazamia humo, aone picha itakavyotoka.

Wiki iliyopita Naisula alileta zawadi ya kuagana: sura ya Mwalimu Bibiana, ameichonga kwa siri bila kuazima kioo. Kidoti cha Mwalimu kiko shavu la kushoto. Kwenye picha kilikuwa la kulia. Naisula alijifunika uso, na sote tukageukia maandishi ya juu ya sinki. Mwalimu akatoa kioo chake, akajitazama, akaitazama picha, akajitazama tena. Akasema picha ibaki ilivyo, kwa sababu huyo ndiye mwanamke anayekutana naye kiooni kila asubuhi tangu utoto, na hakutegemea kuwa yupo mtu mwingine anayemfahamu. Kisha kioo akakiweka mkononi mwa Naisula, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu, na mimi nimelia hadharani, sifichi.

Mzee Sapit ameahidi ng'ombe mtamba, alama sikio la kushoto. Mwalimu ameshukuru sana na kuomba afugwe hukohuko.

Mwalimu Bibiana, asante kwa kila kidole ulichochafua kwa ajili yetu. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wasiogusa patasi bila ruhusa. Kioo umetuachia, kwa hiyo huko nyumbani kwako, Magomeni ya hapahapa Kilosa, utachana nywele mbele ya ile picha. Kila asubuhi ukisimama hapo, jua ni sisi tunaokuamkia: shikamoo, Mwalimu.

Valentino Chilongola, Mkutubi