Vendelín Pěnčík, Kapteni wa Televisheni Aliyekwenda Kujifunza Kuruka

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Dolní Březůvky, na ninyi mliotoka mbali kwa sababu mlimfahamu kupitia televisheni: kabla hatujamkabidhi mpendwa wetu kwa udongo, familia inaomba muyasikilize maisha yake kama tulivyoyaona nyumbani.

Vendelín alizaliwa Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1951, hapahapa Dolní Březůvky, akiwa mtoto wa kwanza wa Metod Pěnčík, mhunzi wa shamba la ushirika, na mkewe Apolena. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Vendelín, ndiyo maana akapewa jina hilo. Mkunga alitoka kijiji cha pili kwa baiskeli akamkuta mtoto ameshazaliwa na amefungwa kwenye aproni ya bibi yake. Mama Apolena alikuwa akisema, “Huyu hakumsubiri mtu tangu siku ya kwanza.” Kabla hajafikisha mwaka alikuwa akitembea, na kabla hajajua kusema vizuri baba yake alimteremsha kutoka kwenye ngazi ya dari la ghala, amekaa kwenye kipago cha juu kabisa, anacheka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1957, akatumikia altareni kwa miaka sita. Mdogo wake Anežka anakumbuka Misa moja ya Pasaka ambapo Vendelín alipiga kengele ya mageuzo kabla Padre hajaiinua hostia. Baada ya Misa Padre alimwita sakristiani. “Vendelín, mwanangu,” alimwambia, “Bwana wetu hana haraka kama wewe.” Mwaka 1966 alikwenda shule ya sekondari ya ufundi Uherské Hradiště, kwa kuwa baba yake alitaka awe fundi mitambo. Alimaliza kwa alama za wastani, na mwaka 1970 akaenda Brno kusomea uigizaji bila kumuaga mzee. Mzee alikaa mwaka mzima hamsemeshi, kisha akaenda kumtazama jukwaani, akarudi na kumwambia Mama Apolena kwamba kijana anasikika vizuri hata ukikaa nyuma.

Alianza kazi katika ukumbi wa maigizo wa Brno mwaka 1974. Hapo ndipo alipokutana na Blažena Hanáková, fundi cherehani wa mavazi ya jukwaani, ambaye alilazimika kumpunguzia suruali huku amevaa kwa sababu hakuwa na subira ya kuivua na kungoja zamu yake. Walifunga ndoa tarehe 14 Mei 1977 katika kanisa la hapa, asubuhi na mapema, bila matarumbeta wala wageni, kwa maana nyakati zile za utawala wa kikomunisti mwigizaji aliyeoa kanisani angeweza kujikuta anauza tiketi mlangoni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hedvika na Kryštof.

Mwaka 1979 alipewa sehemu ya Kapteni katika mchezo wa televisheni uliohusu marubani wa vita. Nchi nzima iliutazama. Ndege aliyoirusha ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye magogo ndani ya studio. Wanaume wanne waliitikisa kwa miti, feni kubwa ikampulizia skafu. Lakini tangu mwaka ule hakuna aliyemwita kwa jina lake. Askari wa barabarani walimpigia saluti, muuza nyama alimwekea kipande kizuri chini ya kaunta, na watoto walikimbia nyuma ya gari lake wamenyoosha mikono kama mbawa. Aliimba, alicheza filamu, alijulikana kila mahali, na nyumbani hakuwa akimaliza sahani ya chakula amekaa. Blažena alimwekea supu dirishani, maana ndipo alipopita mara nyingi zaidi.

Novemba 1993, katika ukumbi mmoja wa Zlín alikoalikwa kuzungumza na watazamaji wake, mzee aitwaye Hynek Tománek alinyoosha mkono kuuliza swali. Alikuwa amerusha ndege za kivita Uingereza wakati wa vita, na baada ya vita wakomunisti wakamfukuza jeshini, akafyatua matofali mpaka alipostaafu.

“Kapteni,” alisema kwa adabu, “ndege zile ukitaka kutua, pua inakuzibia njia yote. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?”

Vendelín alimjibu, “Nilikuwa naangalia kamera, mzee wangu.”

Ukumbi ulicheka, na mzee naye akacheka. Vendelín hakucheka. Alirudi nyumbani akamwambia Blažena kwamba kwa miaka kumi na minne amekuwa akila heshima ya mtu mwingine, na kwamba masika yakifika anakwenda kujifunza.

Kwenye kiwanja chetu cha ndege cha nyasi mwalimu alikuwa Bi Drahomíra Šišková, aliyetumia ujana wake kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege, akipita chini ya nyaya za umeme. Hakumpokea kwa maua. “Wewe ndiye Kapteni?” alimuuliza. “Sawa. Shika ufagio, banda linakusubiri.” Alifagia msimu mzima ndipo akaruhusiwa kugusa usukani, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Juni 1995 alitua peke yake kwa mara ya kwanza. Alipotoka ndegeni alikimbia moja kwa moja kwenye simu ya ofisi akampigia Mzee Tománek.

“Pembeni, mzee. Unaangalia pembeni.”

“Umechelewa sana, mwanangu,” alijibu mzee, “lakini ni sahihi.”

Mwaka 1998 wanachama wa kiwanja walimaliza kuiunganisha ndege ya kivita ya zamani aina ya Yak, iliyorudi kutoka Misri vipandevipande na mchanga kila pembe. Ndege hiyo ina desturi yake. Ikilala siku chache, oili huteremka kwenye silinda za chini, na kabla ya kuwasha injini rubani lazima aizungushe pangaboi kwa mikono yake, pole pole, mpaka ahisi haina kizuizi. Septemba ya mwaka uliofuata walikuja watu wa televisheni kumpiga picha Vendelín. Jua lilikuwa linashuka, yeye amevaa koti jeupe, wakamwambia mwanga unawaponyoka. Akapanda, akawasha bila kuizungusha. Kulisikika kishindo kimoja tu. Mkono wa pistoni ulipinda, na kazi ya miaka ya watu wengi ikasimama pale.

Bi Drahomíra alikuja akaitazama. “Haya, bwana mwigizaji,” alisema. “Wao wamepata picha. Sisi tumepata chuma chakavu.”

Hakujitetea. Majira yote ya baridi alikuwa bandani amevaa koti la marehemu baba yake, anakwangua, anasugua kwa mafuta ya taa, anapitisha spana kwa mafundi. Yak iliruka tena mwaka 2000. Tangu hapo hakumruhusu mtu mwingine aizungushe pangaboi siku anayoruka yeye, hata mvua inaponyesha.

Katika kiwanja kile alipata rafiki aliyefanana naye, Zbyněk Horsák, golikipa maarufu wa hoki ya barafuni, mtu mnene aliyelazimika kuvua koti ndipo aenee katika chumba cha rubani. Watu walijaa kwenye maonyesho kuwatazama hao wawili. “Venda, leo usiimbe redioni,” Zbyněk alimwambia kila walipopaa, “utaniangusha bure.” Agosti 2006 Zbyněk alianguka na ndege yake katika maonyesho ya nchi jirani, akafariki papo hapo. Alikuwa amelalamika kwa wiki kadhaa kuhusu macho yake, akamwambia kila mtu isipokuwa mkewe.

Wakati wa kurudi kutoka mazishi hayo, Blažena alimwomba Vendelín asimamishe gari kando ya mashamba ya alizeti. Alikuwa amemshika mjane wa Zbyněk mchana kutwa, na mikono yake ilikuwa bado imekakamaa.

“Sitakukataza kuruka,” alisema. “Ungekaa nyumbani ungebomoa nyumba. Ila siku utakapojua huwezi tena, uniambie wewe. Nisije nikasikia kwa daktari, wala kwa Drahomíra. Na nisije nikaona mwenyewe kwanza.”

“Nakuahidi,” alisema Vendelín.

“Sema mbele ya Mungu.”

Alisema mbele ya Mungu, injini ya gari ikiunguruma, maana hata wakati huo hakuwa ameizima.

Kwa miaka tisa hakukuwa na la kusema. Kisha, Pasaka ya 2015, Blažena aliona kijiko cha mumewe kikigonga ukingo wa sahani, taratibu, bila yeye kujua.  Alikuwa ameomba aambiwe, akaamua kungoja aambiwe. Masika yakapita. Vendelín akaruka Mei, akaruka Juni, na Julai alimpandisha kiti cha nyuma mjukuu wake Matylda. Kuta za mji zilikuwa zimeshabandikwa matangazo ya maonyesho ya Septemba yenye sura yake. Anežka alimjia Blažena akamwambia, “Dada, mwambie wewe. Unangoja nini, jeneza?” Blažena alijibu kwamba akimwambia yeye, basi mumewe hatakuwa ameacha, atakuwa amekamatwa. Lakini kila injini ilipopita juu ya nyumba alitoka uani, akasimama na rozari mfukoni mpaka isikike imetua.

Alhamisi kabla ya maonyesho, Blažena alikuwa jikoni anatoa mbegu za plamu kwa ajili ya jamu. Vendelín aliingia, akatoka, akaingia tena. Mara ya tatu alivuta kiti akakaa.

“Blažena, siku ile imefika.”

Hakuacha kukata. “Tangu lini?”

“Tangu Juni, cheri zilipoiva.”

“Mimi nimeona tangu Pasaka.”

 Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, unatetemeka, naye hakuuficha.

“Na Matylda ukampandisha,” alisema Blažena.

“Nilimpandisha.”

Aliweka kisu chini, akatoka nje, na mpaka Jumapili hakumpa neno. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Familia inalisema hili hapa kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba lisemwe: ahadi aliitimiza, lakini aliichelewesha kwa majira mazima, na si kwa uwezo wake kwamba hakuna aliyezikwa. Alikwenda kuungama Ijumaa. Kisha akapita kiwanjani.

“Sirushi tena, Bi Drahomíra.”

“Ningekunyang’anya funguo kesho,” alisema Bi Drahomíra. Akamwangalia kidogo. “Afadhali umekuja leo.”

Jumamosi alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji, huku Bi Drahomíra akiruka. Mtoto mmoja alimvuta shati: “Kapteni, mbona hupandi?” Akamjibu, “Mimi si kapteni, kijana. Kapteni ni yule mama pale juu.” Jumapili, wakitoka Misa, Blažena alimshika mkono, na waliokuwa nyuma walimsikia akisema, “Twende, plamu zinaharibika.”

Daktari alithibitisha kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Miaka sita iliyofuata haikuwa rahisi kwa mtu wa namna yake. Alihamisha mizinga ya nyuki mara nne mpaka nyuki wenyewe wakachoka. Alipaka uzio rangi, akachukia rangi, akapaka tena. Miguu ilipokataa alizunguka nyumba kwa kiti cha magurudumu akiugonga kila mlango, na ndege ikipita aliacha neno katikati mpaka imalize kupita. Aliwahi kumuuliza Padre Ctirad kama mbinguni watu hukaa tu. Padre alisema hajui. Vendelín akamwambia, “Basi uliza, Baba. Mimi naona nafika.”

Jumapili tarehe 6 Februari 2022, baada ya kupokea Komunyo Takatifu kitandani, alimwita mkewe peke yake. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ikabidi Blažena ainame.

“Blažena, safari hii sikufichi. Nadhani ni wiki hii.”

“Mimi sijaona kitu,” alisema Blažena.

“Najua. Ndiyo maana nakwambia.”

Blažena akawaita watoto usiku uleule kwa simu, wakafika wote wawili. Vendelín aliwabariki, akamwomba Matylda msamaha kwa jambo ambalo msichana hakulikumbuka, akala vijiko viwili vya jamu ya plamu. Alifariki Jumatano tarehe 9 Februari, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini. Blažena alikuwa ameushika ule mkono wa kulia, na mkono ndio uliomjulisha, kwa maana ulitulia.

Ameacha mke, Blažena. Watoto wawili, Hedvika na Kryštof. Wajukuu watatu, Matylda, Šimon na Rozálie. Mdogo wake Anežka. Na wanachama wa kiwanja cha Dolní Březůvky, aliowaita ndugu.

Bwana aliyemuumba asiyetulia ndiye anayejua namna ya kumpumzisha. Amlaze kwa amani yake. Amina.