Walifia Upande Gani

Mbele ya kibanda cha kahawa cha Dada Bảy, ukingoni mwa mfereji huko Gành Hào, kuna benchi la mbao na ndoo tatu zilizopinduliwa. Kahawa ya barafu hununuliwa mara moja. Chai hunywewa bure hadi mtu aone haya, na benchini hapo mwenye haya hajazaliwa bado. Asubuhi hiyo Thắm aliikalia ndoo ya pembeni, mikono ikinuka chokaa aliyosugulia tangi lake la kufugia kamba wa baharini. Makundi mawili ya vifaranga wa kamba yalikuwa yamemfia. La tatu lingefika saa nne. Kaka yake, mwenye ardhi, alishatamka: hili nalo likifa, tangi linavunjwa, na Thắm anapanda basi kwenda viwandani Bình Dương. Thắm hakuwa na nia ya kupanda basi. Alikuja kusikiliza.

— Ni mwanga huo, alisema mzee Tư, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimwi. Nusu ya tangi lako inachomwa na jua, binti yangu. Kifaranga ngozi yake ni utando wa maziwa. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka imeingiaje hapo, mjomba?

— Jua lina haraka.

Năm, fundi pampu mstaafu, waliyemwita Profesa kwa miwani yake ya kioo kimoja, akaguna.

— Acha zako, Redio. Shida ni turubai. Tangi limetandikwa plastiki laini, inateleza. Kifaranga hana pa kushika. Anaogelea kutwa, anachoka, akijivua gamba tu wenzake wanamla. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hapo umenena, mjomba. Sasa nifanyeje?

— Toa jeusi, weka jeupe.

— Jeupe halitelezi?

— Linateleza, lakini kwa usafi.

Thắm akajimiminia chai. Neno la kushika akaliweka moyoni; la weupe akalitupa mferejini.

— Taa ya bluu, Redio akarudi hewani. Binamu yangu kule Cà Mau kaiwasha, kamba wamenenepa mpaka wanakoroma.

— Uliwasikia?

— Nilihadithiwa na jirani yake. Hapati usingizi siku hizi.

— Bluu itawatia huzuni bure, alisema Profesa. Nisikilizeni mimi. Plastiki ile inang'aa. Kamba anajiona humo kama kiooni, anadhani kavamiwa, anarusha ngumi. Anapigana na nafsi yake mpaka anakata roho. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

— Kunguru ni nani?

— Kaka yake huyu.

Hata Thắm alicheka.

Bibi mmoja muuza tiketi za bahati nasibu, mgeni wa njia ile, alikuwa amesimama akingoja wamalize ili awauzie. Akaona hawamalizi.

— Samahanini, wanangu. Hao waliokufa, walifia upande gani? Kwenye jua, au ule mwingine?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akafuta kioo chake kimoja. Kisha wote wakamtazama Thắm, na Thắm hakujua. Mashine ya hewa huzungusha maji, na maji huwakusanya wafu kwenye tundu la kutolea taka, katikati. Mara mbili alikuwa amewachota hapo akilia, bila kujiuliza walikotoka.

— Sijui, bibi, alisema.

Akasimama.

— Mjomba Profesa, nipe kile kimia chako cha matundu madogo. Nakipitisha katikati ya tangi, kutoka juu hadi sakafuni. Upande mmoja naufunika kivuli, naning'iniza vipande vya wavu mkuukuu, washike. Wa pili nauacha ulivyo. Atakayekufa atafia kwake.

— Na kaka yako? akauliza Profesa.

— Alisema kundi likifa. Hakutaja nusu.

— Nani atakaa kuwatazama siku nzima? akauliza Redio.

— Nyinyi. Mjomba Redio juani, mjomba Profesa kivulini. Kila mmoja azamishe sahani nyeupe majini, aiinue na vifaranga waliomo, aniambie anachokiona. Anachokidhani akiache hapa benchini.

Wazee wakatazamana tena. Profesa ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda kutafuta kimia. Redio akafuata polepole, bilauri mkononi.

— Na chai, binti yangu?

— Utainywa huko huko, mjomba. Umeshasimama.