Pipa Lisijazwe na Ipuli

Kijiwe chetu cha Ng'ambo kina benchi moja la mninga, jiko la mkaa la baba yangu mdogo Abbasi, na pipa la taka la kijani, lina mwaka na bado jipya, lenye kufuli. Ubavuni mwa pipa kuna rundo la taka linalomfikia mtu kiunoni. Juzi bwana afya alimkabidhi ba'mdogo karatasi: rundo lisipoondoka kufikia Ijumaa, hakuna tena kuuza kahawa pale. Alhamisi asubuhi nikaenda kuona wanakijiwe wamefikia wapi. Nikawakuta wanaisema Ipuli, mtaa wa jirani.

Ipuli walipewa mapipa mawili, sisi moja. Tangu hapo hakulaliki. Hilali muuza vitambaa, tunayemwita Balozi, aliapa kwamba aliyetunga sheria ya mazingira ana shemeji Ipuli. Masanja fundi baiskeli, jina la kijiweni Wakili, mtu asiyewahi kufika mahakamani ila kwa kushtakiwa, akapanda zaidi: kule taka zinapuliziwa marashi kabla gari halijaja.

— Zikiwazidi wanatuletea sisi, akasema. Nimeona ganda la nanasi hapo. Ng'ambo nani anakula nanasi?

— Wewe, jana, nikamwambia.

— Binti, usiharibu ushahidi.

Nikawaeleza, huku nikiizuia sauti isipande, kwamba sheria ya mwaka 2004 imeipa halmashauri kazi ya kusimamia taka, na sisi tunaozizalisha haikutusahau. Shemeji wa mtu hayumo. Kisha nikauliza kufuli la nini.

— Tungeliacha wazi, Ipuli wangekuja kulijaza, Balozi akajibu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Shikamoo, Balozi, lakini pipa kazi yake ni kujazwa.

— Marahaba. Ya kwao yamejaa, la kwetu tupu. Sasa nani msafi?

Wakili akaitikia kwamba hiyo ndiyo hoja, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa mkuu hakumtaja. Ba'mdogo alikuwa anavifunga vikombe vyake kwenye gazeti, kimoja kimoja, kama mtu anayehama.

Wakati huo mama mmoja wa Ziba, Julieth, aliyeleta karanga sokoni, alikuwa amemaliza kahawa yake. Alisimama na maganda mkononi, akalitazama pipa, akatutazama sisi.

— Ufunguo anao nani?

Balozi akamgeukia Wakili. Wakili naye alikuwa amekwisha kumgeukia Balozi. Mwaka mzima kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake gere, akidhani ndiye aliyekabidhiwa.

Ba'mdogo akaweka kikombe chini, akachukua nyundo kwenye sanduku la Wakili, akalifuata kufuli.

— Polepole, Abbasi, Balozi akamsihi. Ipuli wasisikie.