Matuta Ishirini na Matatu ya Inayat wa Maziwa

Wasikilizaji wapendwa, assalaam aleikum. Ni mimi Maqbool. Najua wengi wenu saa hizi mna birika motoni na nyati zizini bado hajakamuliwa. Endeleeni na kazi zenu, ila nitegeeni sikio. Leo tunamkumbuka muuza maziwa.

Jina lake Inayat Ullah. Kijiji chake Kot Lakhiya, ng'ambo ya mfereji. Umri wake miaka sitini na mmoja. Alifariki Jumanne iliyopita alfajiri, akiwa kazini, juu ya pikipiki yake. Ameacha mke, Resham Bibi, na binti mmoja, Sughra.

Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Inayat wa maziwa ametutoka. Yule wa kilemba cha bluu na madebe manne, mawili kulia, mawili kushoto. Huku kwetu karibu kila mtu alimwita Ba'mdogo. Hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo.

Mimi nimekunywa maziwa yake tangu sijaota ndevu. Mama yangu alikuwa mkali wa maziwa. Alikuwa akichovya kidole, anakitazama, kisha anamwambia, "Inayat, leo nyati wako kaoga ndani ya debe?" Naye anajibu, "Dada, nyati wangu hata kunywa maji hataki, anaogopa utasema hivyo." Wanacheka, anapimiwa lita mbili, na asubuhi inaendelea. Miaka thelathini na tano aliifanya kazi hiyo. Katika miaka hiyo yote hakuna nyumba iliyowahi kusema imekuta nzi kwenye maziwa ya Inayat. Hilo lilikuwa jina lake. Hilo ndilo alilokuwa akililinda.

Sasa niseme jambo ambalo wengi mmelisikia wiki hii na hamkuamini. Ba'mdogo Inayat alikuwa haoni. Nasema tena, taratibu. Miaka minne ya mwisho, Inayat aliendesha pikipiki akiwa haoni.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa. Wa kwanza kugundua alikuwa Sughra. Ilikuwa sikukuu ya Idi, na binti kavaa nguo mpya ya kijani. Baba yake akamtazama kwa furaha, akasema, "Nyekundu imekupendeza, mwanangu."

Sughra aliniambia mwenyewe: "Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha vidole vitatu, nikamuuliza ni vingapi. Akanishika mkono akavihesabu kwa kupapasa. Halafu akaniapisha."

Kwa nini amwapishe binti yake? Mtoto wa jicho si ugonjwa wa aibu. Kila msimu wa baridi wale madaktari wa kujitolea wanakuja mjini, wanapasua macho ya watu bure. Sughra alimsihi mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Jibu lilikuwa lilelile. Nalitoa kama alivyonipa binti yake: "Mwezi mzima nisiguse pikipiki, watu watauliza kwa nini. Wakijua macho, basi. Nani atanunua maziwa ya kipofu? Watasema, huyu nzi atamwona vipi?"

Basi Sughra akawa anachuja maziwa mara mbili, kwa kitambaa cheupe, mbele ya taa. Jina la baba likabaki safi. Na baba akabaki barabarani.

Mtauliza, aliipataje njia? Wasikilizaji, nyinyi mnavijua vijiji vyetu. Kila mwenye nyumba anajijengea tuta lake mbele ya mlango, pikipiki zisimgongee watoto na kuku wake. Haombi ruhusa. Anamwaga udongo, matofali ya kuvunjika, saruji kidogo akiwa nayo, kesho tuta tayari. La huyu kali, la yule bapa. Fundi cherehani alijenga mawili yaliyopandana kwa sababu aligombana na jirani. Sote tunayatukana matuta hayo. Inayat alikuwa akiyasoma. Kutoka kwake hadi barabara ya lami yalikuwa matuta ishirini na matatu, na aliyajua kwa kiuno chake. Jioni alikuwa akitembea njia hiyo na Sughra, watu wakidhani wanapunga hewa, kumbe wanahesabu. Tuta la kumi na saba lilikuwa la shule. Ukilivuka unahesabu mpaka tatu, unakata kulia, uko kwenye daraja la mfereji. Daraja lenyewe halina ukuta wala reli.

Nami nina kicheko ambacho leo kinaniuma. Ukungu ukishuka, hapa kwetu mtu haoni hata gurudumu lake la mbele. Sisi wote tunakuwa vipofu. Inayat peke yake hakubadilika. Alikuwa anakwenda mwendo uleule, na sisi tunajipanga nyuma ya taa yake nyekundu, pikipiki tano, sita, siku nyingine kumi. Mimi mwenyewe nimemfuata, si mara moja wala mbili. Siku moja nikampigia kelele, "Ba'mdogo! Kwenye ukungu huu unaonaje?"

Akajibu bila kugeuka, "Kama ninavyoona kila siku!"

Tulicheka wote. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka darajani.

Sasa nafika pagumu, na hapa sina pa kujificha. Jumatatu ya wiki iliyopita tulifungua simu kama kawaida. Alipiga Bibi Hajra wa Kot Lakhiya. Mlimsikia. Alisema, "Maqbool, hebu watangazie hawa wanaume wetu. Tuta la shule limekuwa mlima. Mkwe wangu ana mimba ya miezi minane, akipita pale nashika roho. Na masikini Ba'mdogo Inayat, maziwa yake yanamwagika pale kila alfajiri. Nzi wa shule ndio wanaoshiba."

Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikasema, "Wanaume wa Kot Lakhiya, majembe mnayo, au niwaletee ya kwangu?"

Waliniitikia. Siku hiyohiyo, baada ya sala ya alasiri, walitoka watu tisa. Wakalichimba tuta la shule, wakalisawazisha, wakalimwagia maji, wakalishindilia. Halikubaki hata alama. Walifanya kwa mapenzi. Mmoja wao, Mwalimu Tanvir, ameniambia, "Tulikubaliana tusimwambie. Tulitaka kesho afike mjini madebe yamejaa, ashangae mwenyewe."

Sughra kipindi alikisikia. Alikuwa anawalisha nyati. Nilimuuliza kwa nini hakumtahadharisha baba yake. Akaniangalia, machozi yakimtoka, na bado akatabasamu. "Mjomba, nilisikia, nikacheka. Nani aliwahi kuona wanaume wa kijiji chetu wakifanya jambo siku hiyohiyo?"

Jumanne alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Inayat alitoka na madebe manne. Nyuma yake alikuwa Mwalimu Tanvir, anamfuata kwa taa, na mtoto wake wa kike kampakia. Matuta kumi na sita walivuka. La kumi na saba halikuwepo. Inayat akaenda mbele akilisubiri. Akalipita daraja bila kukata, akaendelea moja kwa moja kando ya mfereji. Akakutana na tuta linalofuata, la mwenye duka la mbegu, akadhani ndilo la shule. Akahesabu mpaka tatu, akakata kulia.

Tanvir anasema alisikia pikipiki ikibadilisha mlio, kama gurudumu limekosa ardhi. Kisha akasikia sauti ya Ba'mdogo, kali, ambayo hajawahi kuisikia kwake: "Tanvir, simama!" Akashika breki zote mbili. Gurudumu lake la mbele lilisimama ukingoni kabisa. Hakumwona mtu. Aliona maji yakipita chini yake, meupe kwa maziwa.

Tanvir aliruka majini. Wakaja na wengine. Walimtoa, lakini kichwa kilikuwa kimegonga mawe ya ukingo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kati ya kukosa ardhi na kuingia majini kuna muda gani, wasikilizaji? Pumzi moja. Pumzi hiyo moja Inayat aliitumia kwa mtu wa nyuma yake. Mtoto wa Tanvir leo yuko darasani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeisikia methali hiyo msibani, imesemwa na watu wenye vikombe mkononi. Ni kweli, alificha. Lakini na mimi nauliza, tulimwachia mlango gani wa kusema? Tulimpenda kwa sharti moja, kwamba maziwa yawe safi na macho yawe mazima. Alilijua sharti letu hata bila kuambiwa.

Na bado hamjasikia linaloniumiza zaidi. Walipomvua kizibao chake, Resham Bibi alikuta karatasi mfukoni, imelowa. Ilikuwa karatasi ya wale madaktari wa macho. Namba kumi na nne. Alhamisi ya wiki hii. Alikwenda kujiandikisha peke yake, Jumamosi, baada ya kugawa maziwa, akaweka dole gumba. Hakumwambia mkewe wala binti yake. Resham Bibi alikuwa anaikunja na kuikunjua. "Miaka minne tumemwomba," alisema. "Kakubali, kaona atufurahishe siku yenyewe ikifika. Siku tisa tu, Maqbool. Siku tisa."

Resham Bibi, dada yangu, pole. Sughra, pole mwanangu. Watu wa Kot Lakhiya, nyinyi mlioshika majembe, poleni, msijiue kwa lawama. Mkitaka wa kulaumu, mimi ndiye niliyetangaza. Mwenyezi Mungu amrehemu Inayat na amwangazie kaburi lake.

Na wewe unayenisikiliza, una mzee nyumbani. Leo mpe pakiti ya chumvi, mwambie akusomee. Kama hajui kusoma, muulize rangi yake. Akikasirika, mwache akasirike, kisha umuulize tena kwa upole. Mwambie mapema, kabla hajaulizwa na barabara, kwamba akisema haoni utakunywa maziwa yake vilevile.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini jana jioni Sughra alinipigia simu. Hakunisalimia sana.

"Mjomba, siku ya tatu ya msiba nilikuletea chai. Ulishika hewa kwanza, ndipo ukakipata kikombe."

Nikamwambia, "Uchovu, mwanangu. Msiba unachosha."

"Baba naye alikuwa akichoka," akasema.

Wasikilizaji, haukuwa uchovu. Tangu kiangazi cha mwaka jana taa za magari zinanijia zikiwa na manyoya pembeni. Kijana wa mitambo hunisomea barua zenu kabla hatujaingia hewani, nami huzirudia kwa kichwa, mkidhani nasoma. Na kila asubuhi nakuja hapa kwa pikipiki, kilomita kumi na moja, kwa mazoea. Mke wangu hajui. Anajua sasa, kama redio yake imewaka.

Sughra akasema, "Namba kumi na nne iko wazi. Nimewauliza, wamekubali nimlete mtu. Utakwenda mwenyewe, au nije na bajaji nikufuate?"

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Kisha akaniuliza, "Kwa pikipiki?"

Nilikata simu. Sughra, binti wa Inayat, kama unanisikia, jibu langu ni hili, na wilaya nzima iwe shahidi. Alhamisi nitakuwa mlangoni tangu alfajiri. Njoo unifuate.