Shukrani kwa Wenye Wasiwasi Mkubwa

Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Jumuiya, waheshimiwa mawaziri wa nchi wanachama, waheshimiwa mabalozi, wakurugenzi pamoja na manaibu wenu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wenzangu mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimekwisha: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa ngazi yake.

Mimi ni fundi cherehani. Mapazia ya ukumbi huu mpya nimeyashona mimi, na kwa ajili hiyo, pamoja na ukimbizi wangu, nimepewa heshima ya kutoa neno la shukrani. Bwana wa itifaki ameniomba nisiguse siasa. Sitaigusa. Nitasimulia safari tu.

Vita vilipoingia mtaani kwetu, tuliondoka watu watatu: mimi, mama mkwe wangu, na wifi yangu, ambaye alikuwa ameingia mwezi wake wa kujifungua. Mume wangu tulikwisha kumzika uani, maana makaburini hakukwendeka. Tukafika kwenye daraja la mpakani, tukakuta umati. Nyuma yetu kizuizi, mbele yetu kizuizi, chini mto. Tukauliza kulikoni. Askari wakasema wanasubiri mwongozo wa Jumuiya.

Nanyi waheshimiwa, acheni niwatetee, hamkuwa mmelala. Mlikuwa kikaoni. Nilikuja kuelezwa kwamba mlikuwa mnabishana kama yaliyotukuta ni vita au ni "hali ya sintofahamu", kwa sababu watu wa vita hufunguliwa mlango, lakini watu wa sintofahamu huombwa wawe watulivu. Je, kuna kazi nzito kuliko hiyo? Si mtu anaweza kuteguka kiuno kwa kunyanyua neno moja?

Pale darajani mzee mmoja alikuwa na redio. Ikatangaza kwamba Baraza la Jumuiya linafuatilia hali kwa karibu, na kwamba limeelezea wasiwasi wake mkubwa.

"Kwa karibu wapi?" mama mkwe akauliza, akichungulia huku na huku. "Mbona siwaoni?"

"Mama, hiyo ni lugha ya wakubwa," nikamwambia.

"Na huo wasiwasi, mwanangu, mbona mimi ninao tangu juzi na sijapewa posho?"

Watu wakacheka. Ndiyo, waheshimiwa, tulicheka. Njaa haizuii kicheko.

Kisha akaja Mjumbe Maalumu. Alikuja na msafara wa magari, akatupa pole kwa kipaza sauti akiwa ng'ambo ya kizuizi, akapigwa picha ameinamisha kichwa, akaondoka kuwahi ndege. Picha hiyo nimeiona leo hapo mlangoni, imewekewa fremu ya kupendeza. Yule mwanamke aliyejishika kiuno, anayeonekana nyuma ya bega lake, ni wifi yangu. Hakuwa akimshangilia. Uchungu ulikuwa umemshika.

Mama mkwe akaenda mpaka kwenye kizuizi, akamwita sajini wa zamu.

"Mwanangu, mjukuu wangu anakuja."

"Mama, amri haijafika."

"Basi njoo umwambie mwenyewe asubiri kikao. Mimi nimemwambia, hasikii."

Sajini akavua kofia, akajipangusa uso. Akawageukia wenzake. "Mimi nafungua," akasema. "Mkiulizwa, semeni niliwalazimisha."

Akaunyanyua ule mti wa kizuizi kwa mikono yake. Tukavuka sote. Wifi alijifungua kwenye zahanati ya ng'ambo, mtoto wa kike, mwenye sauti kama king'ora.

Na sajini? Alifukuzwa kazi kwa kukaidi amri. Halafu taarifa yenu ikatoka, ikisifu kufunguliwa kwa daraja kuwa ni "matunda ya juhudi za pamoja za nchi wanachama". Hongereni! Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ninyi mmesifiwa kwa tembo ambalo hata mnazi wake hamkuukwea. Leo niliomba sajini naye aalikwe. Nikajibiwa kwamba hana wadhifa.

Kwa ukumbi huu, basi, nashukuru. Una ubaridi mzuri, na viti vyake vinazunguka, kiasi kwamba mtu anaweza kuligeuzia tatizo mgongo bila hata kuinuka.

Ila asubuhi hii, nikisubiri kwenye korido, nimesikia wasaidizi wenu wakinong'ona kwamba watu wamekwama tena, safari hii mpaka wa kaskazini, na kwamba kikao cha dharura kitakaa wiki ijayo. Dharura ya wiki ijayo! Kumbe dharura nayo siku hizi huweka miadi?

Mheshimiwa Waziri uliye safu ya mbele, kizuizi hicho kiko kwenu. Mkuu wa kituo hawezi kukataa simu yako. Najua chakula cha mchana kiko tayari, wapishi nawaona wanachungulia, lakini simu moja haitakipoza. Kule kuna akina mama wamekaa juu ya mabegi yao, na mawingu yamekwisha kutanda. Unangoja nani akuruhusu?

Naam. Naona umeinuka, mheshimiwa. Natumaini si kwenda kunawa mikono.

Ninyi mliobaki mmeketi, asanteni kwa kunitegea sikio. Na wewe unayetoka na simu mkononi, asante yako utapewa na watu wasiokujua hata jina.