Siku Nne za Kucheua

Nilimwahidi mama mmoja kwamba kila asubuhi nitamwambia hali ya ng'ombe wake kama ilivyo. Ameketi kati yetu leo. Ameniruhusu kusema, nisimtaje.

Ndugu zangu wa chama cha maziwa, mnaijua kazi niliyotoka nayo chuoni: kuwavika ng'ombe wa kwetu Bihambwe mkanda wa shingoni wenye kapteri, kile kifaa kinachopima mwendo na kucheua, kisha antene ya kilimani hutuma habari kwenye simu yangu. Tulipokimbia vita kuja hapa Kashuga, ng'ombe wa mama huyu aliumwa mguu, akaachwa. Antene ilibaki imesimama.

Asubuhi ya kwanza kambini mama alikataa kula bukari, ugali wetu. Nikatazama simu.

“Mama, anacheua.”

Akala. Ikawa hivyo kila siku.

Kisha asubuhi moja simu ilionyesha sufuri. Hakucheua, hakusogea. Mama aliuliza, sahani mikononi. Nikajibu, “Anacheua.” Nilisema hivyo siku nne. Nawaambia, sikuona uchungu wala aibu. Mdomo ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Siku ya tano nilimkuta amejifunga kitenge, ameshika ndoo.

“Mama, unaenda wapi?”

“Bihambwe. Kama iko inacheua, iko na maziwa. Nani anaikamua? Kiwele itaoza.”

“Njia ni mbaya.”

“Njia ninajua. Ni wewe unaogopa hata mbwa.”

Watu wawili walioshika njia ile juma hilo hawakuwa wamerudi. Nikasema, “Mama, ng'ombe amekufa. Leo ni siku ya tano.”

Aliweka ndoo chini.

“Na ile bukari nilikula juu ya nini?”

Nilizima simu, nikalala hemani majuma kadhaa, bila kulia, bila kuota. Aliyekuja kusimama mlangoni ni yeye.

“Mutoto yangu, simama. Ng'ombe za wengine ziko hai. Washa ile mashini.”

Sijui kama alinisamehe, sikuuliza. Nanyi, mkijua nilichofanya, mlinikabidhi ng'ombe mliofika nao, mkanisaidia kusimamisha antene hapa. Nawashukuru, naye kwanza.

Nimejifunza kwamba habari ya ng'ombe ni mali ya mwenye ng'ombe, hata inapouma. Huruma yangu ilikaribia kumpeleka mtu kwenye kifo.

Basi naomba jambo moja. Kesho asubuhi msiniulize. Njooni mtazame simu wenyewe. Asiyejua kusoma, nitamwonyesha sufuri ilivyo.